Mwanamke Aliyetumwa Kila Mtaa

Sauti ya Gracieuse Nabintu niliisikia siku tatu kabla sijamwona. Ilikuwa asubuhi ya Januari, mwaka 1995, nami nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba yetu ya Uccle, Brussels, na kikapu cha nguo. Chini, kwa mwenye nyumba, mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na mtu alikuwa akimwambia bibi kizee wa Kibelgiji, kwa Kiswahili, ainue mkono. Akamwambia ageuke. Kisha akamwambia kwamba mgongo wake bado ni wa msichana, ila umefichwa bure miaka yote hii. Madame Jeanne, ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili, na ambaye kwa miaka mitatu hakuwahi kuniambia lolote zaidi ya salamu ya asubuhi, alicheka.

Nilibaki pale na kikapu changu mpaka mlango ukafungwa. Nilidhani nimekumbuka kwetu tu.

Gracieuse alikuwa mtu wa Bukavu, wa mtaa wa Kadutu, mwenye miaka arobaini na miwili. Nilimzidi mwaka mmoja. Kwao alikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali ya misheni. Hapa cheti chake hakikutambuliwa, basi akawa anawaosha wazee majumbani mwao, sita kwa zamu, katika wilaya tano: Uccle, Forest, Saint-Gilles, Anderlecht wawili, na mmoja mbali kule Ganshoren. Alikuja mwaka 1987 na binti yake mdogo, Mignonne. Mumewe, Rigobert, alipaswa kuwafuata baada ya miezi sita, na hakuwafuata. Hilo aliniambia mara moja tu, kwa maneno machache kama haya, huku anakunja taulo. Alikaa Saint-Gilles, karibu na stesheni ya Gare du Midi, ghorofa ya tatu ya nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, mahali ambapo treni ikipita vikombe hugongana kabatini. Alikuwa na mwili mpana na miguu midogo, na viatu vyeupe vya wauguzi alivivaa hata Jumapili kanisani.

Mimi nilifika Brussels mwaka 1992 nikimfuata mume wangu, Hassan, aliyepangiwa kazi katika ubalozi wetu. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari ya wasichana Morogoro, na kabla ya ualimu nilisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ramani ndizo zilikuwa kazi yangu. Wiki ya kwanza nilinunua ramani ya mji na kitabu cha wageni, nikaanza kuusoma mji kama nilivyokuwa nikisoma mada kabla ya kuingia darasani. Kilichokosekana ni darasa. Mke wa mtumishi wa ubalozi hana wanafunzi. Ana vikombe, ana wageni wa mumewe, ana dirisha.

Halafu nikampata Sun-ok.

Tulikutana mwaka 1993 katika masomo ya Kifaransa ya ukumbi wa parokia, pale Parvis ya Saint-Gilles, uwanja wa mbele ya kanisa. Alikuwa Mkorea, mke wa meneja wa kampuni ya meli, na sote wawili tulikuwa wanafunzi wabaya. Kwa kuwa tulijua Kiingereza, tulijificha humo. Masomo yalipokwisha tuliendelea kukutana palepale, kila Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye ngazi za kanisa, nami nikawa ninamwonyesha mji.

Huyu ndiye aliyekuwa rafiki yangu Brussels. Sitasema alikuwa rafiki mkubwa kuliko wengine, maana wengine hawakuwepo.

Sun-ok alizaliwa Busan, mji mkubwa wa bandari kusini mwa nchi yake. Wake wa kampuni walipokuwa wakipokea wageni huko, waliwapeleka ufukweni na kwenye hekalu. Yeye, kama angeachiwa, angewapeleka kwingine: kwenye ngazi za mlimani ambako nyumba zimepandana hata paa la huyu ni uwanja wa yule; kwenye uchochoro wa vitabu vilivyokwisha kusomwa; na kwenye soko la samaki, wanakokaa wanawake juu ya vigoda vifupi tangu alfajiri. Siku moja, tukiwa tumeketi kwenye benchi ya bustani, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake alikuwa mmoja wa wanawake wale. Alichuna mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, miaka thelathini. Wake wa kampuni hawakujua. Mumewe alipenda wasijue. Nami nikaipokea siri ile kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga, nikaiweka mahali pa ndani kabisa.

"Mji una uso na una mgongo," aliniambia siku hiyo. "Uso wanauosha kwa ajili ya wageni. Mimi nataka mgongo."

Nikaahidi kumpa mgongo. Nilimpeleka kwenye nyumba zenye maua ya chuma. Nilimpeleka Uccle kwenye kijia kilichozama kati ya kingo mbili za udongo, na kwenye makaburi ya Dieweg ambako miti imeota katikati ya mawe na majina yamefunikwa na majani. Kila mahali nilisimama nikamsomea kitabu. Naye kila mahali alisema asante, panapendeza sana. Alikuwa na adabu nyingi. Mimi nilihesabu asante zake na kuziita furaha.

Basi Alhamisi ya kwanza ya Machi, mvua ilitukamata, tukapita kwangu kuchukua mwavuli. Kwenye ngazi tukamkuta Gracieuse akitoka kwa Madame Jeanne, amekumbatia sufuria ya bati yenye mfuniko uliofungwa kwa kitambaa. Nikawajulisha. Sun-ok akauliza kuna nini ndani. Gracieuse akafungua: hamna kitu. Akaeleza kwamba Madame Jeanne alizaliwa Marolles, mtaa wa mafukara wa zamani, kabla hajaolewa akaletwa huku kwenye miti, na kwamba kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi humtuma akamletee mikunga ya kijani kwa rafiki yake wa utotoni. Sun-ok hakulielewa lile neno la Kifaransa la mikunga. Gracieuse akapeleka mkono hewani, ukapinda, ukateleza, ukatoroka.

Sun-ok aliniangalia. Nikajua kwamba siku hiyo hatutafungua kitabu.

Njiani Gracieuse alisimama kwanza kwenye baa moja ndogo ambayo nilikwisha kuipita mara ishirini bila kuiona. Ndani walikuwa wazee wa Kibelgiji wameizunguka saa kubwa iliyofungiwa kwenye sanduku la mbao. Ilikuwa saa ya njiwa: njiwa akirudi kutoka mashindanoni, pete yake hutumbukizwa humo na muda unapigwa muhuri. Gracieuse aliwaambia kwamba Florent, mzee wake wa Saint-Gilles ambaye miguu imemkataa, yu hai, anakula vizuri, na anauliza kama yule jike wake wa kijivu ametaga. Wakamjibu kirefu, kwa Kibrussels chao ambacho si Kifaransa wala si Kiholanzi, naye akarudia neno kwa neno ili asisahau. Hakuna aliyetuuliza tunataka nini pale. Tulikuwa tumekuja na habari za Florent, na hilo lilitosha.

Tulipotoka nikamuuliza amejuaje mahali kama pale, amekuwa akitembea na nani.

"Miye sitembeaka, Maman Nuru," akasema. "Bananitumaka."

Hatembei, hutumwa. Nililicheka jibu hilo. Ilinichukua miezi mingi kuelewa kwamba hakuwa anafanya mzaha.

Rafiki wa Madame Jeanne alikaa mwisho wa uchochoro usio na njia ya kutokea, wenye upana wa mtu mmoja na ndoo yake. Palikuwa na ua wa mawe, bomba, beseni, na ubao uliopigwa msumari. Bibi mwenyewe alivaa aproni ya mpira mpaka miguuni. Alitoa mkunga kwenye ndoo, akamchoma kichwa kwenye msumari, akazungushia kisu shingoni, kisha akaivuta ngozi yote kwa mkupuo kama anayevua soksi.

Sun-ok aliweka mkoba wake chini, kwenye mawe yenye maji. Akavua glovu. Akanyoosha mkono kuomba kisu.

Bibi alimtazama Gracieuse. Gracieuse akamwambia kwa Kifaransa amwachie tu, hiyo ni kazi ya mama yake.

Siri ile sikuwa nimemwambia mtu. Sun-ok alikuwa amekwisha kukaa juu ya kreti ya bia, magoti wazi, koti la mke wa meneja limekunjwa kiunoni, na mikono yake ilifanya kazi bila yeye kuiangalia. Mkunga wa kwanza, wa pili. Bibi akasema kitu, na Sun-ok, ambaye siku zote alifunika mdomo anapocheka, alicheka mdomo wazi na kisu mkononi. Alichuna wanne. Kisha tukapewa bakuli za waliopikwa, kwenye mchuzi wa majani ya kijani yenye ukali kidogo, tukala tumekaa kwenye makreti. Ulikuwa mtamu sana. Na hilo pia liliniuma.

Tukingoja tramu nilimvuta Gracieuse kando, nikamuuliza ni nani aliyemwambia habari ya mama yake Sun-ok. Akashangaa. Hakuna aliyemwambia. Aliona mikono: kidole gumba cha kulia kina alama ya kisu mahali ambapo watu wa ofisini hawana, alama ya zamani, ya mtoto anayemsaidia mama yake. Mtu anayeosha watu kila siku, akasema, husoma ngozi.

Karibu miaka miwili nilikuwa nimeitunza siri ile, na mwenzangu aliisoma kwenye kidole gumba mara tu glovu zilipovuliwa.

Tangu siku hiyo Alhamisi zikawa za watu watatu. Gracieuse alikuwa na nafasi kuanzia saa nne na nusu mpaka saa nane, kati ya mzee na mzee, na kila Alhamisi palikuwa na la kutumwa. Tulikwenda kwenye bustani za mboga kandokando ya reli kumuuliza mtu kama kabichi za marehemu shemeji yake zimepandikizwa. Tulikwenda Anderlecht kumrudishia fundi wa kodiani sahani iliyokaa kwa mgonjwa tangu Pasaka. Tulikwenda Ganshoren, wilaya tulivu ambayo kitabu changu kiliipa mistari miwili, kwenye ukumbi ambako wazee hucheza dansi mchana kweupe, mapazia yamefunguliwa, wanawake kwa wanawake kwa sababu wanaume wamekufa. Gracieuse alikuwa ametumwa acheze wimbo mmoja kwa niaba ya mgonjwa wake aliyelazwa. Akaucheza mpaka mwisho na bibi mmoja mwembamba, uso umetulia kama yuko ibadani, akasema asante, tukaondoka.

Ilipofika Juni, Sun-ok naye alikuwa anatumwa. Alibeba sahani, alibeba ufunguo, siku moja alibeba jogoo kwenye begi la sokoni. Walikuwa wakitembea mbele, mimi nyuma, na ramani yangu imekunjwa mkononi. Mwanzoni nilikuwa naifungua kuwaambia jina la mtaa tulipo. Waligeuka na kunisikiliza, kwa heshima, mpaka nimalize.

Nikaanza kuumwa kichwa siku za Alhamisi. Nikaanza kupata wageni wa Hassan. Hassan aliniuliza wageni gani, nikamwambia asiniharibie. Sikutaka kwenda nao, na sikutaka waende. Alhamisi saa tano nilikuwa nasimama dirishani nikihesabu wamefika wapi.

Jambo baya zaidi lilikuja kwa njia ya lugha. Julai Sun-ok alinitembelea, akasimama mlangoni, akasema bila kigugumizi, "Jambo, Maman Nuru. Uko muzuri? Miye niko muzuri. Donc, tukunywe chai."

Nilikuwa nimejaribu kumfundisha Kiswahili mwaka mzima wa 1994. Nilimwandikia ngeli kwenye daftari, kwa rangi. Hakupita ngeli ya tatu. Sasa alisimama pale akinisemesha lugha yangu, amefundishwa na mtu mwingine, na lafudhi ya Bukavu ndani ya sauti ya Busan.

"Mzuri," nikamwambia. "Si muzuri. Na ni tunywe, si tukunywe."

Akacheka. Akasema Gracieuse alikwisha kumwonya: Maman Nuru husema kama redio.

Nikamimina chai. Kisha nikamwambia, kwa Kiingereza, polepole na kwa uso wa ualimu, kwamba anachofundishwa si Kiswahili. Ni Kiswahili kilichovunjika. Watu waliosoma wakimsikia watamcheka. Nilijua ninachofanya. Nilimwona akiinamisha macho kwenye kikombe, na sehemu fulani ya moyo wangu ikatulia, kama mtu aliyejikuna mahali panapowasha, na akaendelea kujikuna mpaka ngozi ikatoka.

Sun-ok hakuwa na ubaya. Alikwenda kumuuliza Gracieuse ni wapi kilipovunjika, ili asikanyage hapo.

Jumatatu iliyofuata Gracieuse alinikuta kwenye ngazi. Hakukasirika, au alikasirika kwa namna yake. Alishusha ndoo yake, akafuta mikono.

"Maman Nuru, banasema Kiswahili yangu imevunjika," akasema. "Bon. Siku utakuwa na nafasi, unifungie plâtre."

Plâtre ni ile plasta ngumu ya kufungia mfupa. Alikuwa amewafungia watu wengi katika maisha yake, na alilisema neno hilo kiuguzi kabisa, bila kutabasamu. Kisha akainua ndoo akaingia kwa Madame Jeanne, na kupitia mlangoni nikasikia akimwambia bibi kwa Kiswahili kilekile ainue mkono.

Sikuomba radhi. Agosti ikapita hivyo. Tulisalimiana kwa ufupi, na nilipanga kwenda sokoni saa ambazo hayupo. Septemba Sun-ok akapiga simu kusema kwamba mumewe ameitwa kurudi Busan, na kwamba watasafiri Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, alfajiri. Nikasema mambo ambayo watu husema. Nilipoweka simu chini nilikaa kitini mpaka chumba kikaingia giza, na nilichokuwa nikiwaza, naandika hapa kwa aibu, si kwamba anaondoka. Nilikuwa nikiwaza kwamba Alhamisi ya mwisho atakuwa nayo Gracieuse.

Wiki yenyewe ilipofika, simu ililia mara mbili. Mara zote nilimwambia Hassan aseme nimetoka. Alisema, na akaniangalia vibaya.

Jumatano asubuhi nikakuta kadi chini ya mlango wetu. Upande mmoja ilikuwa picha ya bandari. Upande wa pili, kwa herufi kubwa za mtu anayechora kila moja, Sun-ok alikuwa ameandika: ALHAMISI. NITAKULINDA. Na jina lake.

Kadi ililetwa na Gracieuse. Hakuna mwingine aliyeingia nyumba ile asubuhi. Na neno lile alikuwa amepewa na Gracieuse. Sun-ok hangelijua peke yake. Nikasimama nikilisoma. Nitakulinda. Anilinde na nini? Basi walikuwa wamekaa, wawili, wakanizungumza. Walikubaliana kwamba nina hofu ya kukutana na Gracieuse baada ya yale niliyoyasema, na rafiki yangu, kwa huruma, ananihakikishia usalama. Njoo tu, hatakufanya kitu, mimi nipo. Kama mtoto aliyevunja sahani anavyoitwa kutoka nyuma ya mlango.

Nilikuwa mwalimu miaka kumi na miwili. Sijawahi kulindwa na mtu.

Alhamisi mvua ilianza kabla ya saa tatu na haikukata. Nilipanga vitabu upya. Nilipika wali ambao hakuna aliyeula. Saa nane nilimsikia Madame Jeanne akipiga soga na redio yake, na siku ikapita.

Ijumaa saa tatu asubuhi Gracieuse alipanda ngazi zetu kuja kusema nami, kwa mara ya kwanza tangu Julai. Alibisha. Nilipofungua hakunisalimu.

"Maman Nuru, juu ya nini haukuenda? Maman Suno alikulinda mpaka midi et demi."

Saa sita na nusu. Nikamuuliza, kwa ukali, alikuwa ananilinda na nini.

"Na mvua," akasema Gracieuse. "Na parapluie yake ya kuvunjika."

Nikamwambia sikuwa na haja ya kulindwa na mvua, wala na mwavuli. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba yangu.

"Njo vile. Weye ulikuwa kwa nyumba. Yeye alikulinda kwa Parvis."

Tukatazamana. Nadhani sote wawili tulihisi kwa pamoja kwamba kuna kitu kinapita katikati yetu bila kugusa upande wowote. Nikashusha sauti, nikamuuliza kulinda kwao ni nini.

"Kulinda ni kulinda," akasema, kama anavyosemeshwa mgonjwa aliyechanganyikiwa. "Mutu anakawia, unamulinda. Anafika, munaenda."

Nikamwambia kwetu hiyo ni kungoja. Kwetu kulinda ni kumkinga mtu na hatari, ni kazi ya askari na mbwa.

"Kungoja, kulinda," akasema Gracieuse. "Alors?"

Akanieleza yaliyobaki akiwa amesimama palepale. Sun-ok alimwomba siku tatu kabla asije Alhamisi hiyo. Alitaka iwe ya watu wawili, kama zamani, na kitabu. Alitaka kumwandikia Nuru kwa Kiswahili, kwa sababu Nuru anapenda Kiswahili, na simuni hapatikani. Akauliza nitakungoja inasemwaje, kwa Kifaransa chake cha viraka, naye Gracieuse akamwambia inavyosemwa. Jioni ya Alhamisi alikwenda kumuaga, akamkuta amelowa mpaka kwenye mfupa, maboksi yamejaa ukumbini, mume amenuna. Sun-ok alisema tu kwamba huenda Nuru anaumwa kichwa.

Nikaangalia saa ya ukutani. Kisha nikaenda kwenye simu nikapiga namba yao, ingawa nilijua. Ililia katika nyumba tupu. Nikaiacha ilie.

Nyuma yangu Gracieuse bado alikuwa mlangoni.

"Uliacha mutu kwa mvua juu ya Kiswahili," akasema, na akashuka kumwosha Madame Jeanne.

Nimeandika juu yake kwa sababu wanawake wa jumuiya yetu wameniomba niandike maisha ya mtu mmoja wa hapa anayeujua mji huu, na kila aliyetajwa kikaoni alikuwa yeye. Hata mimi sikuwa na jina jingine la kutoa. Anaendelea kuosha wazee, ingawa Florent amekufa na njiwa wake wamegawanywa, na Madame Jeanne naye tulimzika mwaka 1997. Mignonne amemaliza chuo na anafanya kazi benki. Humwambia mama yake apumzike, naye humjibu kwamba atapumzika siku watu watakapoacha kumtuma. Ukipita naye Saint-Gilles, kutoka Parvis mpaka stesheni, njia ya dakika kumi itakula saa nzima. Nimepita naye. Bado huwa namhesabia watu wanaomsalimu, na bado nikifika wa kumi na tano hivi nachoka na kuacha. Wivu haukuniisha. Nilidhani ungeisha siku ile mlangoni, kwa kuwa nilikuwa nimekosea kiasi kile. Lakini inaonekana mtu anaweza kuwa na makosa yote na bado akaona wivu vilevile.

Barua ya kwanza kutoka Busan ilikuwa imefika mwisho wa Novemba ya mwaka ule wa 1995, imeandikwa majina yetu sote wawili kwenye bahasha moja. Ilikuwa na picha ya wanawake sokoni juu ya vigoda, na katikati yao Sun-ok, aproni ya mpira mpaka miguuni. Hakusema mumewe anaonaje. Hakuuliza kwa nini sikwenda.

Nikashuka nayo kwa Gracieuse. Tulikaa kwenye ngazi, yeye chini, mimi juu yake, ndoo pembeni, tukaandika jibu. Kalamu niliishika mimi. Nikasema kwamba la kwanza ni mimi kuomba radhi, naye akakubali, ila akasema nisiandike kama hotuba, Maman Suno hatafika mwisho. Basi akanisomea maneno, nami nikaandika kama alivyoyatamka: minakuomba pardon, haikukuwa kichwa, ilikuwa roho. Kalamu ilisimama mara nyingi. Mkono wangu ulitaka kuweka kiambishi mahali pake, na kila uliposimama Gracieuse alingoja mpaka ukaendelea. Tuliandika kurasa mbili. Alimtumia habari za bibi wa mikunga, za Florent, za yule jike wa kijivu, za bustani. Mimi nilimtumia habari za mvua.

Tulipofika mahali pa kuweka majina, Gracieuse alisimama kuitikia Madame Jeanne aliyekuwa akimwita ndani. Nikabaki peke yangu na karatasi.

Niliandika langu kwanza.